Chupa ya bakteria rafiki na kidonda cha miezi saba

Mama mwenye umri wa miaka 63 aliletwa na kijana wake akiwa na kidonda juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kushoto, upande wa ndani. Kilikuwa kimemkalia miezi saba. Kijana alibeba mfuko wenye kila kitu walichowahi kukitumia, na alipoumimina mezani, kilichotangulia kuanguka ni chupa ya kupuliza iliyoandikwa kuwa ndani yake mna bakteria rafiki wa ngozi. Alinitazama kama mtu anayengoja kugombezwa.

“Nesi, niambie kweli. Hii inamsaidia mama, au tunajidanganya?”

Swali lile halikuwa na jibu la neno moja, ndiyo maana nakiandika kisa hiki kwa urefu. Nimegeuza mambo machache ili mgonjwa asitambulike. Ya kidonda chenyewe sikuyagusa.

Kilianza na mkwaruzo. Mama alijigonga kwenye ukingo wa kitanda, ngozi ikachubuka, akadhani ni jambo la wiki moja. Mwezi wa pili ulipokwisha bila kidonda kufunga, walienda kutibiwa mahali fulani, wakapanguswa kidonda kwa pamba ya kipimo, na jibu likarudi na jina la bakteria, Staphylococcus aureus. Akapewa antibiotiki. Kidonda kikakauka kidogo, kisha kikarudi kulekule. Akapewa nyingine, hadithi ikawa ileile. Hapo kijana akaanza kusoma mwenyewe, na hesabu aliyoipiga haikuwa ya kijinga hata kidogo: ngozi ina bakteria wake wa kawaida wanaoilinda, dawa zimewaua wema pamoja na wabaya, wabaya wamerudi kwanza kwa kuwa ndio wakali, basi dawa ni kuwarudisha wema. Akatafuta chupa.

Nikamwomba anionyeshe, hatua kwa hatua, jinsi wanavyomsafisha mama. Namna hii ya kuuliza hunisaidia kuliko kuuliza “mnatumia nini”, kwa sababu watu hutaja dawa wakasahau vitendo. Akaonyesha. Asubuhi humwagia haidrojeni peroksaidi mpaka povu likome. Halafu iodini isiyochanganywa na maji. Halafu kidonda huachwa wazi nusu saa “kipate hewa”. Halafu hupuliza ile chupa, mara tano sita, kidonda na ngozi ya pembeni. Mwisho shashi kavu. Jioni hivyohivyo. Na shashi inapotolewa huwa imegandana na kidonda, kwa hiyo hutoka na damu, na mama huuma meno.

Nilinyamaza kidogo. Hata kama chupa ile ingekuwa imejaa bakteria hai wa ajabu, walikuwa wakimwagwa juu ya kidonda kilichotoka kulowekwa iodini. Ni kama kumwaga dawa ya kuua majani shambani asubuhi na kupanda mbegu adhuhuri. Kijana alicheka nilipomwambia hivyo, kisha akaacha kucheka.

Mguu ulivyokuwa

Kidonda kilikuwa na urefu wa sentimita 4.6 na upana wa 3.1. Hakikuwa na kina, kingo zake zilikwenda kombo kama ramani, theluthi moja imefunikwa na utandu wa njano, na maji yalikuwa mengi. Hapakuwa na harufu mbaya. Hapakuwa na homa, wala joto linalosambaa mguuni, wala maumivu yanayozidi siku hadi siku. Mguu mzima kuanzia kifundo hadi katikati ya muundi ulikuwa umebadilika rangi, kahawia iliyoiva, na ngozi imekuwa ngumu ukiibonyeza. Mishipa ya vena, ile inayorudisha damu moyoni, ilikuwa imevimba na kujisokota nyuma ya goti. Mama akasema viatu vya asubuhi havimwingii jioni.

Sukari ilikuwa ya kawaida. Shinikizo la damu la kifundo cha mguu tulipolilinganisha na la mkono lilitoa uwiano wa 1.05, maana yake mishipa inayopeleka damu chini ilikuwa inafanya kazi. Kipimo hiki hakirukwi, kwa sababu ukiubana mguu ambao damu haiufikii vizuri unaweza kuuharibu kabisa.

Kitu kimoja kilinichelewesha. Ngozi iliyozunguka kidonda ilikuwa nyekundu, inawasha, ina vipele vidogo vinavyotoa maji, na wekundu ule ulikuwa na mpaka. Haukufuata kidonda. Ulikuwa duara kubwa kuliko kidonda, kama alama ya kitu kilichorushwa kutoka juu. Kijana aliuona pia, tena aliufurahia. Alisoma mahali kwamba bakteria rafiki wakianza kazi ngozi “huchangamka”. Nikaiandika duara ile kwenye daftari na kuizungushia kalamu.

Utambuzi haukuwa mgumu. Hiki kilikuwa kidonda cha vena. Vali zilizo ndani ya mishipa hiyo, ambazo kazi yake ni kuzuia damu isirudi chini, zimelegea. Mtu akisimama au akikaa miguu ikining'inia, damu hujaa chini, shinikizo hupanda, maji huvuja kuingia kwenye nyama, chembe nyekundu huvuja nazo na kuacha chuma kinachoipaka ngozi rangi ya kahawia. Ngozi ya namna hiyo ikichubuka haina nguvu ya kujiziba. Mkwaruzo wa kitandani ulifungua mlango tu, na mlango huo haukufungika kwa sababu ya maji yanayousukuma kutoka ndani saa zote. Mama alikuwa na kazi ya kukaa kitini kutwa.

Bakteria waliingia baadaye. Huwa wanaingia. Uchunguzi wa vidonda vya vena vya wagonjwa 46 uliofanywa Denmark na kuchapishwa 2006 ulimkuta Staphylococcus aureus katika asilimia 93.5 ya vidonda hivyo. Kwa hiyo lile jibu la maabara lililowaanzishia safari ya antibiotiki lilikuwa sahihi na halikuwa na maana kubwa. Bakteria huyo kukutwa kwenye donda ndugu ni jambo la kawaida. Kinachotibiwa kwa antibiotiki ni dalili za maambukizo kwa mgonjwa mwenyewe, na mama hakuwa nazo.

Kilichokuwa ndani ya chupa

Tuliisoma chupa pamoja, mimi na kijana, kwa miwani ya mama. Maji. Mabaki ya uchachu wa Lactobacillus. Gliserini. Manukato. Fenoksiethanoli. Na vingine vya kawaida.

Neno “mabaki” lilimgusa kijana. Bakteria hukuzwa kwenye pipa, kisha hupasuliwa au huchujwa, na kinachotiwa chupani ni vipande vyao na vitu walivyovitoa. Hawako hai. Fenoksiethanoli imewekwa makusudi ili chochote kilicho hai kisiote humo. Na si ulaghai wa mtengenezaji mmoja. Kiwango cha kimataifa cha vipodozi, ISO 17516, kinataka bidhaa ya kawaida isizidi vijidudu 1,000 kwa gramu. Kipodozi chenye mamilioni ya bakteria hai, kwa kipimo hicho, ni kipodozi kilichoharibika. Anayetaka kuuza bakteria hai lazima apite njia nyingine, na akidai wanaponya kidonda basi anauza dawa, na dawa hudaiwa ushahidi ambao kipodozi hakidaiwi. Ndiyo maana maandishi ya chupa zile huzunguka: “huipa ngozi utulivu”, “huimarisha kinga ya asili”. Soma tena na tena, hutakuta neno kidonda.

Sasa, kusema wamekufa si kusema hawana kazi. Hapa nilimpa kijana haki yake. Mwaka 2009 kundi la Richard Gallo huko San Diego lilionyesha kwamba kipande cha ukuta wa Staphylococcus epidermidis, mkazi wa kawaida wa ngozi ya kila mmoja wetu, huzituliza seli za ngozi zisiwake kupita kiasi baada ya kujeruhiwa. Ni kipande tu, hakina uhai, na kinafanya jambo. Lakini lilikuwa jambo la maabara na la panya, na lilikuwa la S. epidermidis. Chupa yetu ilikuwa na Lactobacillus isiyotajwa hata ni ya spishi gani. Bakteria hawaazimani sifa kwa kuwa wote wameitwa rafiki.

Na je, tungepata walio hai?

Kijana aliuliza hivyo hasa, na nadhani wasomaji wengi wangeuliza. Jibu langu lilichukua muda na nalirudia hapa kwa sababu humu ndimo mlimo na utajiri.

Wa kwanza aliyemsikia ni Nitrosomonas eutropha. Huyu hula amonia ya jasho na kutoa nitriti na oksidi ya nitriki, gesi inayotanua mishipa midogo ya damu na kuwasumbua vijidudu vingine. Mhandisi wa kemia David Whitlock ndiye aliyelianzisha wazo la kumrudisha kwenye ngozi, na kampuni ya AOBiome ya Cambridge, Massachusetts, ikaanza kumuuza kama kipulizo mwaka 2015. Ni bakteria hai kweli, sabuni ya kawaida humwondoa upesi. Baadaye wakampeleka kwenye majaribio ya dawa kwa jina la B244, hasa kwa ukurutu na mwasho. Nadharia ya oksidi ya nitriki inapendeza kwa mtu wa vidonda, nakiri, kwani gesi hiyo ina kazi katika kupona. Ila majaribio hayo yalihusu ngozi iliyofunga. Kidonda cha mama hakikuwa ngozi. Hakina tezi za jasho, na uchachu wa ngozi wa kiasi cha pH 5 humo haupo. Donda la muda mrefu huelea juu ya 7. Mkazi aliyezoea ngozi hawezi kutarajiwa kuota mizizi humo kwa sababu tu amepulizwa.

Wa pili ni S. epidermidis mwenyewe, na hapa sayansi inavutia zaidi. Mwaka 2010 watafiti wa Japani walieleza kwamba baadhi ya nasaba zake, yaani koo ndani ya spishi hiyo moja, hutoa kimeng'enya kinachobomoa utando wa ute ambamo S. aureus hujifungia. Mwaka 2018 kundi la Yasmine Belkaid, Marekani, likaonyesha kwa panya kwamba seli za kinga zilizofundishwa na S. epidermidis huharakisha ngozi kujiziba. Nasaba nyingine za spishi hiyohiyo hukalia mirija ya hospitali na vali za moyo za bandia, na kuwaondoa humo ni vita. Ukiniuliza kama ni rafiki, nitakuuliza yuko wapi.

Wa tatu, Staphylococcus hominis, alijaribiwa kwa watu 54 wenye ukurutu na matokeo yakachapishwa 2021. Nasaba waliyoichagua ilimpunguza S. aureus kwenye ngozi yao. Ngozi tena.

Kwa kidonda hasa, jaribio la watu ninalolikumbuka zaidi lilitoka Argentina mwaka 2009. Lactobacillus plantarum aliwekwa kwenye majeraha ya moto na kulinganishwa na krimu ya fedha inayotumika siku zote, na hakuwa nyuma yake. Jaribio lilikuwa dogo, lakini lilikuwa la wagonjwa, si la panya. Wapo pia wanaomgeuza bakteria kuwa kiwanda: Wasweden wamemhariri Limosilactobacillus reuteri atoe protini inayoita seli za kinga kwenye jeraha, wakamjaribu kwanza kwa watu wenye afya waliotiwa majeraha madogo ili kuona usalama. Hiyo ni dawa kamili inayosubiri ushahidi wake. Kuiita bidhaa ya bakteria rafiki ni kama kuita gari mkokoteni kwa kuwa vyote vina magurudumu.

Kisha kuna lile linaloniharibia usingizi. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba panya waliolelewa bila kijidudu chochote mwilini hupona majeraha haraka zaidi na kovu likiwa dogo. Mwaka 2021 watafiti wengine wakaonyesha karibu kinyume chake: panya wa namna hiyo walikuwa dhaifu zaidi katika kuotesha upya ngozi na nywele, na katika jaribio dogo la watu, kupaka antibiotiki kwenye jeraha kulichelewesha kupona. Tafiti zote mbili ni za watu makini. Mtu akikuambia sayansi imethibitisha kuwa bakteria huponya vidonda, mwulize ni bakteria gani, jeraha gani, na panya wa nani.

Na mwaka 2024 bakteria aliyetoka kwenye vidonda vya watu wenye kisukari, Alcaligenes faecalis, alionekana kuzisaidia seli za ngozi kusogea na kufunga jeraha. Jina lake la pili linatokana na kinyesi. Hakuna mfanyabiashara ambaye angelipamba chupa kwa jina hilo, na huko nyuma tungemkuta kwenye kipimo tungemwandikia dawa ya kumuua bila kufikiri mara mbili.

Kijana alisikiliza yote haya akiwa na kalamu. Halafu akauliza lililo zito kuliko yote: “Hata tukimpata aliye sahihi, atafika?”

Hatafika kirahisi. Uchunguzi wa 2008 ulikuta utando wa bakteria katika vidonda sugu 30 kati ya 50, na katika majeraha mapya 1 tu kati ya 16. Ndani ya utando huo bakteria hujifungia pamoja kwenye ute wao wenyewe. Mwaka uliofuata wengine wakapima wamekaa kina gani: vishada vya S. aureus vilikuwa mikromita 20 hadi 30 kutoka juu, vya Pseudomonas, bakteria mwingine wa vidonda, 50 hadi 60. Kwa macho hiyo ni hakuna kitu, ni upana wa unywele. Kwa bakteria ni ghorofa kadhaa. Kipulizo hutua juu ya paa.

Alexander Fleming aliliona jambo kama hili hospitalini Boulogne, Ufaransa, wakati wa vita vya kwanza vya dunia, zamani kabla ya kugundua penisilini. Alitengeneza bomba la kioo lenye miiba ya kioo inayoiga vijia vya jeraha la bomu, akalijaza bakteria, akamwaga dawa kali ya kuua vijidudu, akaitoa. Waliojificha kwenye miiba wakaota upya. Na alionyesha kwamba dawa hizo zilizidhuru seli nyeupe za mgonjwa kuliko zilivyowadhuru bakteria. Ukibadilisha maneno machache tu, alikuwa akieleza peroksaidi ya kila asubuhi ya mama huyu.

Tulichofanya

Peroksaidi ilisimama siku hiyohiyo. Iodini ikasimama. Chupa ikasimama, kwa sababu ya ile duara nyekundu. Watu wenye vidonda vya vena wana ngozi inayokasirikia vipakwa kirahisi mno, manukato na vihifadhi vikiwa mbele, na duara lile lilikuwa na ukubwa wa mpulizo kabisa. Kijana hakupenda kusikia kwamba alichokiona kama bakteria wanafanya kazi kilikuwa mzio. Nikamwambia mama angeweza kuupata kwa krimu ya hospitali vilevile, na ni kweli, nimeuona mara nyingi.

Kidonda kikawa kinaoshwa kwa maji ya chumvi, utandu wa njano ukaondolewa kidogo kidogo kwa kila kufungwa, na juu yake ikawekwa bandeji ya sponji inayonyonya maji bila kugandana na kidonda. Kile cha “kipate hewa” kilikwisha. Tangu 1962, George Winter alipofunika majeraha ya nguruwe kwa utando wa plastiki na kuyaona yakiziba kwa takriban nusu ya muda wa yale yaliyoachwa yakauke, hatuna sababu ya kukiacha kidonda kikauke, ingawa ushauri huo ungali ukitolewa kila mahali kwa imani kubwa. Ngozi ya pembeni ikapakwa mafuta ya steroidi kwa siku chache. Antibiotiki hakupewa.

Na juu ya yote hayo, bandeji za kubana, tabaka kwa tabaka kutoka vidole hadi chini ya goti, zikilenga shinikizo la milimita 40 za zebaki kwenye kifundo. Hii ndiyo tiba ya kidonda cha vena. Nyingine zote ni za kuisaidia. Mama akaelekezwa kutembea, kwa kuwa msuli wa nyuma ya mguu ndio pampu yenyewe, na akikaa ainue miguu juu ya usawa wa moyo. Tukamwandikia pia apimwe mishipa, maana jaribio la Uingereza la wagonjwa 450 lililochapishwa 2018 lilionyesha kuwa kuziba mapema mshipa mbovu hufupisha kupona: siku 56 badala ya 82 kwa wastani wa kati.

“Kwa hiyo yule Staphylococcus tunamwacha humo?” kijana aliuliza.

Tunamwondolea mahali pa kukaa, nikamjibu. Maji yakipungua, nyama iliyokufa ikiondoka, damu ikizunguka, yeye mwenyewe hubaki na kidogo cha kula, na seli za mama hufika. Nani atakuja kukaa baada yake hatuchagui sisi.

Wiki ya kwanza duara nyekundu likafifia, siku ya kumi likawa limekwisha. Maji yalikuwa bado mengi na bandeji zilibadilishwa mara tatu kwa wiki. Mama alilalamika kwamba mguu umefungwa kama mzigo. Wiki ya nne kidonda kilikuwa 3.2 kwa 2.0, yaani eneo limepungua kwa zaidi ya nusu, na katika kazi hii wiki ya nne ndiyo inayokuambia kama uko njiani au umepotea.

Wiki ya sita ikawa mbaya. Mama alisafiri kwenda kwa ndugu, akaona aibu ya mguu mnene, akazifungua bandeji za kubana na kubaki na ile ya sponji tu kwa siku nne. Aliporudi mguu ulikuwa umevimba, kingo za kidonda zimelainika kwa maji, na upana umeongezeka nusu sentimita. Nilikasirika ndani kwa ndani. Jioni yake, nikisoma daftari, nikaona kwamba amenifanyia jambo ambalo mimi nisingethubutu kulifanya. Siku ya kwanza nilibadilisha mambo mengi kwa pamoja, kwa hiyo sikuwa na haki ya kusema lipi lilileta nafuu. Kijana alikuwa ameshaanza kusema huenda bakteria wa chupa walikuwa wameshika na sasa wanafanya kazi kwa kuwa tumeacha kuwaua. Nisingeweza kumkatalia. Lakini katika siku zile nne peroksaidi haikurudi, iodini haikurudi, chupa haikurudi, bandeji ya sponji ilikuwepo. Kilichokosekana ni kubana, pamoja na kutwa ya kukaa garini na kitini. Kidonda kikarudi nyuma. Tulipobana tena, kikaenda mbele. Si jaribio la kitaalamu, ni mguu mmoja, ila ni ushahidi mkubwa kuliko wa chupa.

Wiki ya kumi na tano kikafunga. Ngozi mpya, nyembamba, inayong'aa, rangi yake haijakaa sawa.

Sikupima ni bakteria gani walibaki juu yake. Kwa matibabu hapakuwa na haja. Kwa udadisi wangu ilikuwapo, kwani uchunguzi wa vidonda vya miguu vya wenye kisukari uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba kidonda ambacho jamii ya bakteria wake hubadilikabadilika hupona vizuri kuliko kile ambacho wakazi wake wametulia tuli. Laiti ningekuwa na vipimo vya kila wiki vya mguu ule.

Kijana hakuiacha hoja yake, na hilo nililipenda. Alipokuja mara ya mwisho aliuliza kama sasa, ngozi ikiwa imefunga, anaweza kumtafutia mama bidhaa ya bakteria hai. Nikamwambia nitakachomwambia yeyote. Kwenye ngozi nzima ya mtu mwenye kinga nzuri sina ugomvi nayo, mradi chupa itaje nasaba, idadi, na namna ya kuitunza ili wawe hai hadi siku ya kutumia, na isiwe na manukato, kwa mama huyu hasa. Kwenye kidonda kilicho wazi, ndani ya jaribio lililosajiliwa tu, na wenye kinga dhaifu, mirija ya damu, au kiungo cha bandia karibu na jeraha wasiguse, kwa sababu hata Lactobacillus amewahi kukutwa kwenye damu ya wagonjwa wa namna hiyo.

“Na soksi?” nikauliza.

Soksi za kubana ndizo zinazozuia kidonda cha vena kurudi, na ndizo wagonjwa huzikimbia, kwa kuwa kuzivaa ni mieleka. Mama akaangua kicheko. Akasema yeye hazivai, huvalishwa. Kijana huingia chumbani alfajiri kabla miguu yake haijagusa sakafu na kuivimbisha, akiwa amevaa glavu za mpira ili soksi isimteleze, na kila siku humkumbusha asipake kitu chochote chenye harufu.